Rafu ya vyumba vinane kuwa kabati la vijiko: shajara ya mradi

Jumamosi, 8 Februari

Rafu yenyewe ni ile ya vyumba vya mraba, vinne kwa viwili, iliyobeba vitabu vyetu miaka mingi. Vitabu vimehama, rafu imebaki tupu. Jikoni tuna droo moja tu ya vyombo vya kulia, na imejaa hadi haifungi vizuri: vijiko, uma, visu, upawa na vifungulio, vyote rundo moja. Mama yangu anaishi nasi na macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo vitu vya jikoni huvipata kwa kupapasa. Mwezi uliopita alijikata kidole mara mbili ndani ya droo hiyo. Nimeona hilo linatosha.

Nilimuuliza, "Mama, ungependa visu nikuwekee wapi?"

"Popote, mwanangu. Ila pakishakuwa mahali pake, pasibadilike."

Basi huo ndio mpango. Rafu ilale kwa ubavu chini ya dirisha la jikoni, vyumba viwili vya juu vigawanywe droo tatu tatu, vingine vibaki wazi. Naandika kila hatua ili mwenye rafu kama hii asirudie makosa yangu. Gharama nitaziandika kwa vifaa na kwa idadi ya saa za kazi, maana hivyo ndivyo mtu anavyoweza kulinganisha na alichonacho.

Vipimo: ndani ya kila chumba ni mm 330 kwa 330, kina mm 380. Mbao za nje ni nene, zile za katikati zina unene wa mm 16.

Kazi ya leo ilikuwa kuilaza na kuinyoosha. Ikiwa imesimama ilikuwa imara, ila ilipolala ilianza kuyumba kushoto na kulia nilipoisukuma, kwa kuwa haina mgongo. Nilipima kona kwa kona, nikapata tofauti ya mm 9 kati ya mishazari miwili. Rafu ya vitabu huivumilia tofauti hiyo, droo haziivumilii. Nilizungusha kamba kwenye ule mshazari mrefu, nikaikaza kwa kuisokota na kijiti mpaka mishazari ikalingana, kisha nikapigilia mgongo wa plaiwudi ya mm 4. Sasa haiyumbi. Fanyeni hili kwanza kabla ya kupima kitu kingine chochote, kwa sababu kila kipimo cha droo kitategemea pembe hizo.

Saa 3.

Jumapili, 9 Februari

Nimetengeneza droo moja ya majaribio. Reli ni zile za gololi za kufungwa ubavuni, urefu mm 350. Kila moja inahitaji nafasi ya mm 12.7 kati ya droo na ukuta, yaani jumla mm 25.4. Kwa hiyo droo inapaswa kuwa na upana wa nje wa mm 304. Nilifunga reli moja kwa moja kwenye mbao za rafu kwa skrubu za mm 12, nikaweka vijiko vyote vya chakula ndani. Ikateleza vizuri, nikalala nimeridhika.

Saa 4.

Jumatano, 12 Februari

Droo imeanguka. Mama alikuwa ameivuta mpaka mwisho, reli ya kulia ikang'oka, na vijiko vyote vikamwagika miguuni pake. Ashukuriwe Mungu hakuumia. Sikuwa nimeanza na visu.

Niliokota skrubu moja. Kwenye meno yake palikuwa na unga mweupe na kipande cha karatasi ya kahawia, na hicho kipande cha karatasi ndicho kilichonieleza kila kitu. Nilimulika tochi kwenye tundu: ngozi ngumu ya mm 3, kisha uwazi, kisha karatasi iliyosimamishwa vijumbavijumba kama sega la nyuki, kisha ngozi nyingine. Nikagonga mbao zote kwa kifundo cha kidole, na isipokuwa kingoni, zote zina sauti ya utupu.

Si kwamba mbao hizi ni dhaifu. Kwa kazi iliyokusudiwa ni nzuri sana: ngozi mbili zikitenganishwa na sega hazipindi kirahisi, na rafu inakuwa nyepesi. Kitabu hukandamiza kuelekea chini tu, hakimwombi mtu akishike. Droo iliyovutwa ni wenzo. Skrubu za mbele zinasukumwa chini, za nyuma zinainuliwa juu, na tundu kwenye ngozi ile ya mm 3 linatanuka kidogo kila droo inapofunguliwa, mpaka skrubu inakosa cha kung'ata.

Nilijaribu marekebisho mawili jioni hiyohiyo, yote hayakufaa. La kwanza ni skrubu ndefu zaidi, za mm 20. Ubao una mm 16, kwa hiyo ncha zilitokeza chumba cha jirani kwa mm 4, kali kama sindano, hasa mahali ambapo mkono wa mtu hupapasa. Nimezitoa zote. La pili ni kujaza tundu vijiti na gundi, njia ninayoitegemea kwenye mbao halisi. Hapa vijiti vilitumbukia ndani ya uwazi, navisikia vikigongagonga nikiitikisa rafu.

Saa 2, skrubu nane, na matundu manane ya kuziba.

Jumamosi, 15 Februari

Nimelala na hili jambo siku tatu. Uamuzi: ubao wa rafu usiombwe kushika chochote. Ndani ya kila chumba nitasimamisha kuta mbili za plaiwudi ya mm 12, zikanyage sakafu ya chumba. Reli zitafungwa kwenye plaiwudi, na uzito wa droo utashuka kupitia kuta hizo mpaka chini, ambako rafu imezoea kubebeshwa.

Hesabu mpya: 330 kutoa 24 za kuta ni 306. Toa 25.4 za reli, inabaki 280.6. Upana wa nje wa droo ni mm 280. Ile droo ya kwanza ya mm 304 haifai tena. Nimeibomoa na kuweka vipande akiba.

Kuta zenyewe zina kimo cha mm 328 na kina cha mm 365, ili uso wa droo uingie ndani ya chumba na kuficha kingo zake.

Kosa la leo ni gundi. Nilipaka gundi nyeupe ya mbao nyuma ya kuta, nikazibana kwa jiriwa usiku kucha. Asubuhi nilipofungua jiriwa, ukuta wa kwanza ulitoka mkononi mwangu bila kuvutwa. Gundi ilikuwa imekauka vizuri upande wa plaiwudi, lakini upande wa rafu ilibanduka utando mzima, laini na wenye kung'aa, hata mikwaruzo midogo ya rafu ilikuwa imejichora juu yake. Gundi hii hushika kwa kunywewa na nyuzi za mti. Rafu imefunikwa karatasi yenye utomvu wa plastiki ambayo hainywi kitu.

Marekebisho: nimekwaruza sehemu ya kugandisha kwa msasa namba 80 mpaka mng'ao ukaisha, nikafuta vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, nikatumia gundi ya poliuretani. Hii hushika vitu visivyonywa, na huvimba kidogo ikikauka, kwa hiyo paka kidogo. Gundi kazi yake ni kuzuia ukuta usisogee tu, uzito umebebwa na sakafu.

Saa 5, pamoja na kukwangua gundi ya jana.

Jumamosi, 22 Februari

Wiki hii nilikata na kuunganisha droo zote sita: mbavu za plaiwudi ya mm 9 zenye kimo cha mm 80, sakafu ya mm 6, gundi na misumari midogo. Hapa hakuna la kusimulia, ni kazi ya kurudiarudia. Nilizifanya zote kwa mkupuo kwa kipimo kimoja, nikijivunia hesabu yangu.

Kati ya sita, nne zimekwama katikati ya safari. Zinaingia vizuri kwa nusu, kisha zinabana, ukizisukuma reli inalia.

Nilipima upana kati ya kuta, mbele, katikati na nyuma. Mbele 306, nyuma 306, katikati 304. Kuta zilipokuwa zinakauka, gundi ile ilivimba katikati ambako hapakuwa na jiriwa, ikazibinua kwa ndani milimita moja kila upande. Nilikuwa nimepima mdomoni mwa chumba tu.

Kubomoa kuta kungeharibu rafu. Nilichofanya ni kupunguza droo: randa ndogo, milimita moja kila ubavu kwenye zile droo nne, plaiwudi ikabaki mm 8. Zilipoanza kulegea mbele na nyuma, nilikata vipande vya kadi ngumu nikaviweka nyuma ya reli mpaka mlio ukaisha.

Yeyote atakayeiga kazi hii, ninamwomba ashike mambo mawili kutokana na siku hii. Kwanza, kata kijiti cha mm 306 kamili na ukisimamishe katikati ya kuta wakati gundi inakauka; kijiti kimoja kingeniokolea saa sita. Pili, kama una shaka ya milimita moja, fanya droo iwe nyembamba. Pengo hujazwa kwa kadi ndani ya dakika tano, lakini droo pana inakudai randa.

Saa 11 kwa droo, saa 6 kwa kuzirekebisha.

Jumapili, 2 Machi

Kabla ya kujaza kitu, nilitaka kuona rafu inafanyaje droo zote zikiwa wazi. Nilitia mawe ya kilo 4 katika kila droo, nikazivuta moja baada ya nyingine. Ya tano ilipofunguka, miguu ya nyuma iliinuka kiasi cha kupitisha unyayo wa kiatu. Kilo 20 zilizosogezwa mbele kwa zaidi ya futi moja zinatosha kuisimamisha rafu nyepesi kwenye kingo zake za mbele.

Sikuendelea siku hiyo mpaka nimeifunga ukutani: vyuma viwili vya pembe juu, skrubu za mm 50 zenye plagi za plastiki kwenye ukuta. Kwa upande wa rafu, vyuma nimevifunga kwa skrubu zinazopenya ubao wa juu hadi kwenye vipande vya plaiwudi nilivyogandisha kwa ndani, kwa sababu ile ile ya sega. Nyumba yenye mtoto au mzee, hatua hii isiachwe kwa siku nyingine.

Vanishi: mikono mitatu ya vanishi ya maji ndani na nje ya kila droo, msasa namba 240 kati ya mkono na mkono. Inakauka kwa kuguswa baada ya saa chache, lakini harufu haijaisha. Ninaacha droo wazi juma zima kabla ya kuweka chochote kinachoingia mdomoni.

Saa 4, bila kuhesabu kusubiri.

Jumamosi, 8 Machi

Migawanyo ya ndani. Ndani ya droo nina mm 262 kwa upana (hata katika zile nne zilizorandwa, kwa kuwa nilipunguza nje tu) na mm 332 kwa urefu. Visu vyetu vya mezani vina sentimita 23, uma 20, vijiko vya chai 14. Kwa hiyo vijiko vya chai vinaweza kulala kwa upana nyuma ya uma, na hapo droo moja inakusanya seti nzima.

Upawa mkubwa una sentimita 38, hauingii kwa urefu. Nilikuwa nimeshaanza kuutafutia ndoano ukutani nilipokumbuka mshazari: 262 kwa 332 inatoa mshazari wa karibu sentimita 42. Droo ya chini kushoto ina ubao mmoja tu wa mgawanyo, umewekwa kishazari. Upawa na miiko mirefu hulala humo, na zile pembe mbili zilizobaki zinatosha kifungulio, kichujio kidogo na vidude vidogo.

Migawanyo ya droo ya kwanza niliigandisha kwa gundi, sehemu nne sawasawa. Ilionekana nadhifu ikiwa tupu. Mama alipoijaribu, vijiko vilijaa hadi vikamwagikia upande wa uma, na sehemu ya visu ilibaki nusu tupu. Alishika kijiko, akapapasa ubao, akashika uma. "Hapa na hapa pamefanana, mwanangu. Mkono haujui umefika wapi."

Maneno hayo yamebadilisha droo zote. Nimeng'oa migawanyo ile, nikatengeneza mipya kutokana na vipande vya droo iliyobomolewa, inayoingia kwenye vijiti vyenye mfereji ili iweze kusogezwa. Kila ubao una alama ya kuguswa kwenye ukingo wa juu: wa vijiko una mbonyeo mmoja wa mviringo, wa uma una mikato mitatu. Mipini yote inaelekea kwa mtumiaji.

Visu vikali vya kukatia havichangamani na chochote. Vina droo yao, ya juu kulia, na ndani yake kuna kipande cha mti chenye mipasuo, kila kisu na mpasuo wake, makali yakitazama chini, mpini tu ndio unaotokeza. Uso wa droo hiyo una kitasa cha mraba; zile nyingine vya duara. Mkono wa Mama unajua kabla haujaivuta.

Saa 7.

Jumamosi, 29 Machi

Wiki tatu za matumizi, na leo kuna tatizo ambalo sikulitarajia. Visu vya mezani vina madoa ya kutu, vidoa vya rangi ya kahawia kama vichwa vya sindano, upande mmoja tu, ule unaolala chini. Uma na vijiko havina hata doa moja, ingawa vyote huoshwa pamoja.

Nilileta sumaku. Visu viliikamata, vijiko na uma vingi havikuikamata. Hapo mambo yakaeleweka. Chuma kisichoshika kutu kinaitwa hivyo kwa sababu kina kromiamu, angalau asilimia 10.5, inayotengeneza utando mwembamba juu yake. Vijiko vyenye alama ya 18/10 vina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10, na hivyo hustahimili sana. Kisu kinahitaji kuwa kigumu kishike makali, kwa hiyo hutengenezwa kwa chuma cha aina nyingine, chenye kaboni zaidi, kisicho na nikeli ya kutosha kuhesabiwa, kinachokamatwa na sumaku, na hicho huanza kutoa madoa mapema kikikaa kwenye unyevu.

Unyevu nimeuweka mwenyewe. Chini ya kila droo nilitandika kitambaa kinene chenye manyoya, kizuie kelele. Nilipokibandua leo, upande wa chini ulikuwa wa baridi na mbichi. Matone machache yanayobaki kwenye mpini wa kisu yalikuwa yakiingia humo na kukaa, droo ikiwa imefungwa mchana na usiku. Hata vanishi chini ya kitambaa imeanza kuwa na weupe.

Nimetoa vitambaa vyote. Badala yake nimeweka mkeka mwembamba wa plastiki wenye matundu, unaotoka na kuoshwa, na nimetoboa matundu manne ya mm 10 nyuma ya kila droo pamoja na mawili kwenye mgongo wa rafu kwa kila droo, hewa ipite. Kingo za matundu nimezipaka vanishi mara mbili, kwa kuwa plaiwudi hunywa maji kupitia kingo zake kuliko mahali pengine popote. Madoa ya visu yametoka kwa kusugua na unga wa magadi uliolowekwa kidogo, hayakuwa yamechimba.

Na tumekubaliana nyumbani kwamba chombo hakiingii droo bila kufutwa kwa kitambaa kikavu.

Saa 3.

Jumamosi, 10 Mei

Miezi miwili tangu droo zianze kutumika. Hakuna skrubu iliyolegea. Nimezikagua zote kwa bisibisi leo. Nilipima ile droo nzito kuliko zote, ya uma na vijiko: kilo 4.6 pamoja na vilivyomo. Visu havijatoa doa jipya. Droo moja, ya katikati kulia, ilianza kukwaruza. Ilikuwa ni kadi moja iliyoteleza nyuma ya reli, nimeirudisha kwa tone la gundi.

Jumla ya kazi ni saa 45, bila kuhesabu ile ya kusubiri rangi na gundi. Kati ya hizo, karibu saa 16 zilikwenda kwenye kurekebisha makosa niliyoyaeleza. Vifaa: nusu ya bao la plaiwudi kwa kila unene wa mm 12, 9, 6 na 4, na mabaki yapo, jozi sita za reli za mm 350, chupa moja ya gundi ya poliuretani na nusu chupa ya gundi ya mbao, ambayo nusu ya hiyo ilipotea, nusu lita ya vanishi, vyuma viwili vya pembe, vitasa sita. Kitambaa cha manyoya kimekwenda kuwa cha kufutia viatu.

Jana usiku umeme ulikatika tukiwa mezani. Mama aliinuka gizani, nikasikia droo ikiteleza mara moja, ikafungwa, akarudi na vijiko vinne na kisu kimoja cha mezani.

Chumba cha tatu naanza Jumamosi ijayo, kwa vifuniko vya sufuria. Kuta zimeshakatwa, na kile kijiti cha mm 306 kiko juu yake.